Mwaka wa shughuli kwa kidato cha kwanza na cha pili: mwongozo kwa walimu walezi

Katika shule nyingi za sekondari za kata, nguvu zote huelekezwa kidato cha nne. Hao ndio wanaowekewa kambi ya masomo, ndio wanaofanyishwa mitihani ya majaribio, na ndio ambao matokeo yao husubiriwa kwa hamu mwezi Januari. Kidato cha kwanza na cha pili huachiwa kufyeka nyasi, kuchota maji na kukaa nyuma siku ya mahafali. Nimefundisha katika shule ya kutwa ya serikali mkoani Lindi kwa muda wa kutosha kuyaona madhara yake. Mtoto hufika kidato cha tatu bila kuwahi kusimama hata mara moja mbele ya wenzake akasema jambo likasikilizwa, na kufikia hapo si kazi nyepesi tena kumfungua mdomo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu aliyekabidhiwa shughuli za vidato hivyo viwili katika shule isiyo na ukumbi wala fungu la fedha la shughuli, na unafuata kalenda ya Tanzania Bara inayoanza Januari na kuishia Desemba. Lengo ninalolipendekeza ni moja tu: kila mwanafunzi asimame mbele ya wenzake, kwa jambo analolijua, walau mara mbili katika kila muhula. Vikombe vikija, vije juu ya hilo.

Kabla shule haijafunguliwa

Chukua kalenda ya mihula inayotolewa na Wizara, kaunta buku moja kubwa na kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa rangi ya kwanza andika siku ambazo huna mamlaka nazo: tarehe za kufungua na kufunga, likizo fupi, sikukuu za kitaifa na za dini, mitihani ya muhula, mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ambayo huchukua madarasa na walimu, na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili unaofanyika kuelekea mwisho wa mwaka. Usisahau mwezi wa Ramadhani, ambao hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Huku pwani zaidi ya nusu ya darasa huwa wamefunga, na kupanga riadha saa tisa alasiri katika mwezi huo ni kuwaumiza watoto bila sababu, ilhali mdahalo, usomaji na kazi za mikono huendelea vizuri kabisa.

Sasa, kwa rangi ya pili, weka alama alasiri zilizobaki na uzihesabu. Mimi huchagua Jumatano, kwa kuwa Ijumaa kuna swala na vipindi vya dini, na Jumatatu walimu huwa na kikao. Katika mwaka wa kawaida hupata Jumatano 28 au 30 hivi, na hizo ndizo mali yote uliyo nayo. Ukiziona zimepangwa kwenye karatasi moja, utaacha mwenyewe kuahidi mambo ambayo mwaka hauwezi kuyabeba.

Hatua inayofuata ni ya ofisini, na ndiyo inayoamua kama mpango utaishi. Mwombe mwalimu wa taaluma aziingize Jumatano hizo kwenye ratiba kuu kama vipindi viwili vya mwisho, yaani dakika 80, kisha mkuu wa shule aidhinishe kwa maandishi na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa walimu. Shughuli isiyokuwemo kwenye ratiba hufa katika wiki ya kwanza ya mitihani, kwa sababu kila mwalimu aliyechelewa kumaliza mada huiona alasiri hiyo kama muda usio na mwenyewe. Hakikisha pia kwamba shughuli zinakwisha ifikapo saa tisa na nusu. Wako wanafunzi wanaotembea saa nzima na zaidi kurudi nyumbani, na msichana anayefika kwao gizani kwa sababu ya klabu hataruhusiwa kurudi kwenye klabu, na mzazi wake atakuwa na haki.

Mwisho andaa daftari la majina. Andika majina yote kwa mikondo, na mbele ya kila jina chora safu nne kwa kila muhula. Kila mwanafunzi anaposimama mbele ya wenzake, iwe ni kusema, kuimba, kuonyesha jaribio au kuongoza mchezo, andika tarehe na neno moja la kile alichokifanya. Daftari hili ndilo litakalokuongoza mwaka mzima kuliko kumbukumbu yako, maana sisi walimu huwakumbuka wasemaji hodari na watundu, na walio katikati hupita kimya mbele ya macho yetu.

Januari na Februari: mapokezi

Wanafunzi wa kidato cha kwanza hawaripoti siku moja. Wengine hufika wiki ya kwanza wakiwa na sare mpya, wengine hufika wiki ya tatu au ya tano kwa sababu nyumbani walikuwa bado wanatafuta fedha ya viatu na madaftari. Kwa hiyo usifanye sherehe moja ya kuwakaribisha na kuona umemaliza. Panga mapokezi yanayojirudia kila Jumatano kwa wiki sita, na kila anayefika kwa kuchelewa ayapate yote kama walivyoyapata waliotangulia. Asisimamishwe mstarini kuulizwa sare iko wapi.

Siku ya kuripoti, mkabidhi kila mgeni kwa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili anayetoka kijiji kimoja naye au anayepita njia moja naye. Kazi ya mwenyeji huyo iandikwe wazi: kumwonyesha vyoo, kisima, ofisi ya walimu na mahali pa kupata chakula cha mchana, kumweleza taratibu za paredi na zamu za usafi, na kutembea naye wakati wa kurudi nyumbani kwa wiki mbili za kwanza. Jambo hili lina faida ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi. Katika shule nyingi wageni huitwa "njuka" na kutumwa, kuchekwa na kunyang'anywa vitu na hao hao wa kidato cha pili, kwa sababu tu wao walitendewa hivyo mwaka uliopita. Ukimpa mwanafunzi wa kidato cha pili jukumu la kumlinda mtu kwa jina, na ukamuuliza kila Jumatano habari za mtu wake, mara nyingi humlinda. Atakayeonea apelekwe kwa mwalimu wa nidhamu siku hiyo hiyo, bila kusubiri kosa la pili.

Kisha kuna suala la lugha, na hapa naomba mwalimu mwenzangu utulie, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Alijua kueleza mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, alijua kujibu, pengine alikuwa wa kwanza darasani. Ghafla karibu kila somo linakuja kwa Kiingereza, na yule aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono anaanza kuuficha. Programu ya awali ya Kiingereza ya wiki za mwanzo husaidia, lakini haiwezi peke yake kurudisha ujasiri. Shughuli ndizo zinazoweza.

Njia ninayoitumia ni dakika tano kabla ya kipindi cha kwanza. Wanafunzi wawili wa kila mkondo husimama kila siku na kueleza jinsi ya kufanya kitu kimoja wanachokijua kwa mikono yao. Wiki tatu za kwanza huruhusiwa kutumia Kiswahili, kisha huchanganya, na kuanzia mwezi Machi hujaribu kwa Kiingereza, wakiwa wameandaliwa sentensi tatu au nne na mwenyeji wao wa kidato cha pili. Katika mkondo wa wanafunzi 50, wawili kwa siku ni kumi kwa wiki, na zamu huzunguka darasa lote kwa wiki tano. Hakuna mwalimu anayeweza kusema muda huo haupo.

Nakumbuka msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye kwa majuma matatu sikuwa nimeisikia sauti yake. Zamu yake ilipofika alikuja na kifungu cha miyaa, majani ya kusukia mikeka, iliyokwisha kukaushwa na kuchanwa, akasimama, akatazama chini, na bila neno lolote akaanza kusuka ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka. Darasa lilinyamaza. Vidole vyake vilikwenda haraka, na kila alipopachika mwaa mpya alitikisa kichwa kidogo kama anayehesabu. Mvulana wa mstari wa mbele akauliza kwa nini ameanza na idadi ile ya miyaa. Akajibu, kwa sauti ndogo, kisha akaulizwa tena, akajibu kwa sauti ya kawaida, na dakika tano zilikwisha akiwa bado anajibu. Mwezi Machi alirudi na ukili ule ule na kueleza kwa sentensi nne za Kiingereza, moja ikiwa na kosa ambalo hakuna aliyelicheka. Katika daftari langu kuna tarehe mbili mbele ya jina lake na neno "ukili" mara mbili.

Sharti pekee la dakika hizo tano ni kwamba mwalimu asisahihishe sarufi mwanafunzi akiwa amesimama. Andika makosa pembeni na uyafundishe kesho yake kama somo la darasa zima.

Kuchagua klabu, na kwa nini ziwe nne

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliorodhesha klabu 14. Zilipendeza kwenye ubao wa matangazo, na mkaguzi alizisifu. Kufikia mwisho wa Machi zilizokuwa zinakutana ni tatu. Nyingine zilikuwa na mlezi aliyekuwa pia mlezi wa klabu mbili zaidi, au hazikuwa na mahali pa kukutania, na wanafunzi waliojiandikisha humo walikuwa wamejifunza kwamba shule inaweza kuahidi kitu na kukiacha. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote, na tangu wakati huo sianzishi klabu yoyote mpaka iwe na vitu vitatu: mlezi mmoja asiye na klabu nyingine, mahali pake maalumu hata kama ni chini ya mwembe, na daftari lake.

Kwa shule ya ukubwa wa kawaida napendekeza mdahalo na usomaji, sayansi, shamba na mazingira, na sanaa za maonyesho, yaani ngoma, ngonjera, kwaya na maigizo. Kama yupo mwalimu aliyepata mafunzo ya Skauti, ongeza Skauti. Kama hayupo, usiianzishe kwa jina tu. Michezo naiweka kando kwa makusudi, kwa sababu haipaswi kuwa klabu ya wachache. Mwanafunzi achague klabu moja mwanzoni mwa Februari na abaki nayo mpaka Juni, ndipo aruhusiwe kuhama.

Mdahalo ufanywe kwa hatua. Mlezi atangaze mada wiki mbili kabla, na mada itoke katika yale wanayoyasoma au wanayoyaishi. Mada ya mji na kijiji kipi bora imechakaa. Afadhali waulizwe kama mnada wa korosho wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi na kusubiri ziuzwe, unamfaa mkulima mdogo, maana nyumbani wamewasikia wazazi wakibishana juu yake na watakuja na hoja zao. Chagua wasemaji watatu kila upande, na usichague wale wale. Kidato cha pili watoe mwenyekiti, katibu na mtunza muda. Kila msemaji apewe dakika tatu, kisha wote waruhusiwe kuchangia kwa dakika 20, ambapo kila anayesema lazima aanze kwa kurudia hoja ya aliyetangulia kabla ya kuipinga. Sharti hilo dogo huwafundisha kusikiliza, na pia humpa mwenye aibu maneno ya kuanzia. Mdahalo wa Februari na Machi uwe wa Kiswahili. Wa Kiingereza uanze Aprili, wakati wameshajua kubishana kwa adabu.

Klabu ya sayansi haihitaji maabara ili ianze. Wiki ya kwanza nunua rosela iliyokaushwa, ile inayouzwa sokoni kwa ajili ya juisi. Ilowekwe katika maji ya moto mpaka yawe mekundu, kisha yapoe na kugawanywa katika chupa tatu zilizo wazi. Chupa ya kwanza iachwe kama ilivyo, ya pili iminiwe ndimu, ya tatu itiwe maji yaliyochujwa kwenye majivu. Wekundu wa chupa ya pili hung'aa zaidi, na rangi ya chupa ya tatu huacha wekundu na kuelekea kijani. Waache watoto wabashiri kabla ya kumimina, waandike walichobashiri, kisha waandike walichokiona, kabla neno asidi halijaandikwa ubaoni. Wiki zinazofuata walete wenyewe vitu vya kupima: sabuni, maji ya bahari, maziwa ya mgando, juisi ya ukwaju. Wanafunzi wawili watakaopata swali lao wenyewe la kuchunguza wanaweza kuandaliwa kwa ajili ya Young Scientists Tanzania, mashindano ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari, lakini hao ni wawili, na klabu ni ya wote.

Shamba na mazingira hufuata mvua. Huku kusini mvua huanza kuelekea Desemba na hupungua Aprili au Mei, kwa hiyo miti ipandwe Januari au Februari. Kwingineko, penye masika, ipandwe Machi au Aprili. Nimeona shule zikipanda miche kwa shangwe tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mbele ya mgeni rasmi, na kufikia Agosti hakuna uliobaki hai, kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha kukauka. Siku hiyo itumieni kuhesabu miche iliyopona na kutangaza mstarini jina la mwanafunzi aliyeitunza kila mmoja.

Machi hadi Juni: michezo ya wote

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, ni fursa nzuri, na mwenye kipaji asinyimwe. Hata hivyo, ukiiacha iongoze michezo yote ya shule, wanafunzi 20 hufanya mazoezi na wengine wote hubaki watazamaji, na katika hao 20 wa kidato cha kwanza huwa hawafiki watatu. Andaa basi mashindano ya mikondo ndani ya shule: mpira wa miguu, netiboli, wavu, rede, mbio za kupokezana vijiti na kuvuta kamba. Kanuni iwe kwamba timu haipati alama kama kuna mwanafunzi wa mkondo huo ambaye hajacheza mchezo hata mmoja kwa msimu mzima. Mwenye ulemavu au ugonjwa awe refa, mtunza alama au mtangazaji, na nafasi hiyo ihesabiwe kwenye daftari la majina sawasawa na ya mfungaji mabao.

Wasichana wengi hukwepa michezo siku za hedhi na hawasemi sababu. Mwalimu wa kike anayewalea azungumze nao mapema, faraghani. Pawepo chumba chenye maji, ndoo yenye kifuniko na taulo za akiba. Na kila msichana ajue kwamba anaweza kuomba kupumzika bila kuulizwa maswali mbele ya wavulana. Pale ambapo jambo hili halikuandaliwa, hata mahudhurio ya darasani hushuka.

Safari ya mafunzo

Historia ya kidato cha kwanza hugusa vyanzo vya historia: masimulizi, maandishi, akiolojia, makumbusho. Kwa shule za upande wetu hakuna mahali pa kuyafundishia hayo kama Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa pamoja na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Shule za Bagamoyo zina Kaole, za Iringa zina Isimila, za Kondoa zina michoro ya miambani. Chagua mahali pa karibu, na uipange safari kabla ya likizo ya Juni, barabara zikiwa zimekauka baada ya mvua.

Anza miezi mitatu kabla. Mkuu wa shule aandike kwa afisa elimu kuomba kibali, barua za ridhaa ziende kwa wazazi na zirudi zikiwa na saini, gari likaguliwe, na kwa Kilwa, kibali cha kuzuru magofu kichukuliwe Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi la kujiokolea, na kama hayatoshi, wavushwe kwa mafungu. Kuhusu fedha, msimamo wangu ni kwamba safari ambayo mtoto anaachwa kwa kukosa mchango isifanyike. Mavuno ya shamba la shule, harambee ndogo ya wazazi na kupunguza siku kutoka mbili hadi moja vimetuwezesha mara zote kwenda bila kumwacha mtu.

Wiki mbili kabla ya safari, kila mwanafunzi aandike swali moja ambalo jibu lake hawezi kulipata darasani, na aende nalo. Tulipofika Husuni Kubwa, jumba la kifalme la mwanzoni mwa karne ya 14, mvulana mmoja alikuwa ameandika: "Walipimaje?" Alizunguka bwawa la pembe nane akihesabu kila upande kwa nyayo zake, kisigino kwa kidole, huku mwenzake akiandika namba kwenye paja kwa sababu daftari lilibaki kwenye boti. Kisha alikwenda kwenye ukuta, akapapasa jiwe la matumbawe, akamwuliza mwongoza wageni chokaa ilichomwaje. Jumatano iliyofuata alisimama na kueleza bwawa lile kwa dakika nane, akalichora ubaoni, na mwalimu wa Hisabati akaichukua michoro hiyo kufundishia pembe. Safari isiyorudishwa darasani kwa namna hiyo ni matembezi tu, kwa hiyo Jumatano mbili baada ya safari ziwe za watoto kueleza walichokiuliza.

Likizo ya Juni iwe na kazi moja: kila mmoja amhoji mzee wa kijijini kwake kuhusu jina la kijiji lilikotoka, na aandike kurasa mbili.

Julai hadi Septemba

Muhula wa pili ufunguliwe kwa kurasa hizo mbili. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na hakuna kitu kinachoifaa zaidi kuliko watoto kusoma kwa sauti masimulizi ya wazee wao. Yale bora yafungwe pamoja kwa uzi na kuwekwa maktaba, au kwenye kabati ya mwalimu wa Kiswahili kama maktaba haipo.

Mapema Agosti klabu ya shamba inaweza kupeleka mazao yake kwenye maonesho ya Nane Nane, ambayo kwa kanda yetu hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi. Mwanafunzi ndiye asimame kwenye meza na kuwaeleza wageni, mwalimu akae nyuma.

Kuanzia Julai kidato cha pili wapunguziwe shughuli hatua kwa hatua. Badala ya kuwaondoa kabisa, wageuze kuwa wafundishaji: nusu ya kila Jumatano kila mwanafunzi wa kidato cha pili amfundishe yule mgeni wake wa Januari mada moja ya kidato cha kwanza. Anayefundisha hugundua papo hapo alichokisahau, na sehemu kubwa ya upimaji wake hutegemea mada hizo hizo.

Mahafali ya kidato cha nne yatakapokaribia, omba mapema kwa kamati ya maandalizi kwamba ngonjera, mapokezi ya wageni na usomaji wa risala vikabidhiwe vidato vya chini. Fungua daftari la majina siku hiyo, na uwachague wenye safu tupu.

Oktoba na Novemba

Hapa mpango wowote hupambana na korosho. Msimu unapoanza, watoto huitwa mashambani kuokota, na mahudhurio hupungua wakati ule ule ambao upimaji wa kidato cha pili unakaribia. Kukemea mstarini hakusaidii, kwa sababu anayeamua ni mzazi. Mwezi Septemba omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, nenda na ratiba ya upimaji, na ueleze kwa upole na kwa uwazi kwamba mwanafunzi asiyefaulu upimaji huu hukariri darasa, jambo ambalo ni mwaka mzima wa gharama kwa familia. Kisha pendekeza utaratibu unaowezekana: aokote Jumamosi na Jumapili, na siku za shule afike. Wazazi wengi hukubali wanapoona mwalimu ameheshimu kazi yao.

Katika wiki za mitihani ya taifa, kidato cha kwanza ndio huumia kimyakimya, kwani madarasa yanachukuliwa na walimu wanasimamia. Waandalie shughuli zisizo na kelele mbali na vyumba vya mtihani: usomaji wa pamoja chini ya miti, kuchora ramani ya kijiji, kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, kuandaa vitalu vya miche ya Desemba.

Desemba

Wiki ya mwisho fungua daftari la majina pamoja na walezi wa klabu na mhesabu safu tupu. Kila jina lenye tarehe chini ya nne kwa mwaka lijadiliwe: alikuwa mgonjwa, alihamia, anaishi mbali, au sisi hatukumwona? Majina hayo yaandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka unaofuata, ili zamu za Januari zianze nayo. Klabu iliyokutana chini ya nusu ya Jumatano zake ifungwe au ipewe mlezi mwingine.

Kisha, siku mbili kabla ya kufunga, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza apewe karatasi moja na aandike barua kwa mgeni asiyemjua atakayeripoti Januari. Amweleze njia ya kwenda kisimani, mwalimu gani huanza na maswali, siku gani chakula huwa makande, na kitu alichokiogopa wiki ya kwanza ambacho sasa hakiogopi. Asitaje majina ya watu kwa ubaya, na mwalimu asisahihishe lugha yoyote aliyoichagua. Barua zote zifungwe kwa mikondo na kuwekwa ndani ya kabati la ofisi ya taaluma pamoja na daftari la majina, na funguo abaki nazo mwalimu atakayepokea wageni asubuhi ya siku ya kwanza.